Je, wajua kwa nini saa ya kompyuta yenye mifumo miwili ya kuiendesha, Windows na Linux, hupotea masaa matatu kamili?

Ramadhani moja hapa Chake Chake jamaa yangu kaweka Linux pembeni ya Windows kwenye laptopu yake, na ndani kaweka programu ya adhana. Basi siku hiyo bando limekwisha, tumekaa zetu, mara laptopu ikaadhini magharibi, mmoja keshanyoosha mkono kwenye tende na huko nje jua la alasiri linawaka! Fundi akamwambia betri ya madabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, imekufa, ile CR2032 ya mviringo kama sarafu, akanunua mpya, wapi.

Betri yenyewe haina kosa masikini. Betri ikifa saa hurudi nyuma miaka. Hii ya kupotea masaa matatu bila dakika kuzidi wala kupungua ina mwenyewe, maana Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC, ile saa ya dunia nzima, kwa masaa hayo hayo matatu.

Iko hivi. Kwenye madabodi mna kisaa kidogo kinachotembea hata kompyuta ikiwa imezimwa, IBM walianza kukiweka kwenye kompyuta yao ya PC/AT ya 1984, na kisaa hicho hakijui Pemba wala London, kinashika namba tu. Windows, kwa tabia iliyorithi tokea enzi za DOS, mfumo uliokuwepo kabla yake, inaandika humo saa ya hapa ulipo. Linux yenyewe inaamini humo mna UTC. Sasa Windows ikiacha 15:30, Linux ikiamka inaongeza tatu zake, 18:30, haya futuruni! Ikipata intaneti inajisahihisha, halafu inaandika 12:30 kwenye kisaa, ukirudi Windows unakuta uko nyuma masaa matatu. Ndo maana kuhangaika na saa za eneo hakusaidii kitu, Windows umechagua Nairobi, Linux umechagua Dar es Salaam (Zanzibar usiitafute, haimo kwenye orodha), zote sawa, ugomvi uko kwenye kisaa.

Dawa, fungua teminali ya Linux, lile dirisha la kuandikia amri, uandike timedatectl set-local-rtc 1, yaani nayo ikihesabu kisaa kina saa ya hapa ulipo kama Windows, uiwashe upya, kwisha. Linux itakuonya kwamba hivyo si vizuri, na kweli kwa wenzetu wa Ulaya wanaosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka ni balaa, lakini sisi saa zetu hazisogezwi, kwa hiyo mimi sioni neno.

Ukija kuchagua lugha ya kompyuta, hiyo haina mkasa huu, kila upande unaweka yake kwenye diski wala haupiti kwenye kisaa. Ila chagua Kiswahili cha Tanzania, sw_TZ, ukiacha Kiingereza cha Marekani tarehe inatanguliza mwezi na 3/4 inakuwa Machi. Na usitegemee ikuandikie saa tisa u nusu, itabaki 15:30 yake, zile sita utatoa mwenyewe.