Je, wajua kwa nini majirani wanaotegemea mto mmoja hawapaswi kugawana maji kwa lita?

Majirani wakikaa kugawana mto, wazo la kwanza ni kukata mafungu: wewe chukua kiasi hiki, mimi kile, tutie saini, yaishe. Karatasini hakuna mgao unaoonekana wa haki kuliko huo. Lakini tabianchi ikibadilika, ahadi iliyowekwa miaka ya mvua hugeuka deni miaka ya ukame.

Tazama Mto Colorado wa Marekani. Mwaka 1922 majimbo 7 yalikubaliana kuugawa: bonde la juu mita za ujazo zipatazo bilioni 9 kwa mwaka, bonde la chini vivyo hivyo. Mwaka 1944 Mexico nayo ikaahidiwa karibu bilioni 1.85. Hesabu ya 1922 ilitegemea vipimo vya miaka ambayo, kumbe, ilikuwa na maji kupita kawaida. Tangu mwaka 2000 mto huo umepungua kwa takriban asilimia 20 ukilinganisha na wastani wa karne ya 20. Wala si suala la mvua tu. Joto likipanda, theluji ya milimani huyeyuka mapema, udongo uliokauka hunywa wa kwanza, jua na mimea huchukua chao, na mto hupata kilichobaki. Ndiyo maana hata mwaka wenye theluji ya kuridhisha unaweza kuishia na mto mwembamba.

Agosti 2021 Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi katika Ziwa Mead, bwawa kubwa la bonde la chini. Nafuu ni kwamba makubaliano ya 2017 na Mexico yalikuwa yameshasema kina cha ziwa hilo kikishuka hadi alama fulani, pande zote mbili zinapunguziwa. Kanuni ya ukame ilikuwepo kabla ya ugomvi.

Mto Senegal ulipewa utaratibu tofauti. Katika ukame uliolipiga eneo la Sahel, Mali, Mauritania na Senegal ziliunda mwaka 1972 shirika la pamoja la bonde hilo, OMVS. Guinea, mto unakoanzia, ilijiunga 2006. Bwawa la Manantali limejengwa ndani ya Mali, lakini si mali ya Mali peke yake: linamilikiwa kwa pamoja. Karibu na bahari kuna bwawa la Diama, lililokamilika 1986, linalozuia maji ya chumvi yasipande mtoni wakati wa kiangazi. Mkataba wa maji wa 2002 haukuipa nchi yoyote lita zake. Unagawa maji kwa matumizi, yaani nyumbani, kilimo, umeme, usafiri na mazingira, na kamati ya kudumu huwashauri mawaziri kulingana na kilichopo. Maji yakiadimika, ya kunywa ndiyo yanayoangaliwa kwanza.

Dakar haiko kando ya mto huo, ila sehemu kubwa ya maji yake ya bomba hutoka Ziwa Guiers, linalojazwa nao. Nouakchott, mji mkuu wa Mauritania, nayo imekuwa ikivuta maji ya mto huo tangu 2010. Kwa hiyo mama anayekinga ndoo Dakar anategemea, apende asipende, jinsi milango ya bwawa inavyofunguliwa ng'ambo ya mpaka.

Tusiipambe OMVS kupita kiasi, lakini. Maji ya chumvi yalipozuiwa, konokono wanaoeneza kichocho walipata makao, na ugonjwa ukalipuka huko Richard-Toll, mji wa Senegal ulio kando ya mto huo. Wakulima waliozoea kupanda kwenye ardhi iliyoachwa na mafuriko walipoteza mafuriko yenyewe. Kwa maoni yangu, hao walistahili kiti mezani kabla zege la kwanza halijamwagwa.

Ushirikiano wa namna hii si lazima uwe wa mataifa mazima. Tangu 1978 jimbo la Geneva, Uswisi, na majirani zake wa Haute-Savoie, Ufaransa, wanatunza pamoja maji ya chini ya ardhi yaliyokuwa yakishuka kwa kuvutwa kupita kiasi. Kila kisima kina mita ya kupimia maji yanayovutwa, na kamati ya pamoja hupendekeza upya kila mwaka namna ya kuyatumia. Maji ya Mto Arve husafishwa na kurudishwa ardhini kuziba pengo. Mto ukijaa tope, kazi hiyo husimamishwa hadi utulie.