Acheni Kuisingizia Breki ya Mbele

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea pikipiki nimbadilishie tairi la nyuma. Lilikuwa limelika vibaya, tena si kuzunguka lote: sehemu tatu zimekuwa bapa kama kisigino cha kandambili kuukuu. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Nikaishika leva ya mkono wa kulia, ile ya breki ya mbele, haikusogea. Waya ulikuwa umegandana na kutu ndani ya ala yake, na nati ya kurekebishia ilikuwa bado inang'aa, haijawahi kuonja spana.

"Na hii je?"

Akacheka. "Hiyo huwa siigusi, fundi. Ukiigusa inakurusha."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wateja, kwa wanafunzi, kwa watu wazima walioendesha miaka ishirini. Mwezi uliopita nimeyasikia kwa mwalimu mwenzangu wa udereva, mbele ya wanafunzi, na hapo ndipo subira iliponiishia. Basi leo nayaandika yote, na atakayeniuliza tena nitamtumia andiko hili badala ya kugombana naye.

Ukishika breki, uzito unahamia mbele. Hilo hauhitaji kuambiwa, unalisikia: shokapu za mbele zinabonyea, makalio yanateleza kuelekea tangi. Na tairi hushika lami kwa kadiri linavyokandamizwa. Chukua pikipiki ya kawaida ambayo ikisimama uzito wake pamoja na dereva umegawanyika nusu kwa nusu, ekseli hadi ekseli mita 1.3, kitovu cha uzito sentimita 65 kutoka chini. Ukipunguza mwendo kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, breki nzito lakini si ya ajabu, tairi la mbele linabeba asilimia 75 na la nyuma 25. Ukiongeza mpaka sehemu nane kwa kumi za mvutano huo, la mbele linabeba 90 na la nyuma 10. Yaani breki ya nyuma kadiri inavyofanya kazi ndivyo inavyojinyima uzito wa kufanyia kazi.

Sasa weka namba hizo barabarani. Lami kavu, kilomita 60 kwa saa, na muda wa kushtuka siuhesabu. Anayekanyaga ya nyuma peke yake, hata akiwa fundi wa kukanyaga, atasimama baada ya mita 50 hivi. Anayetumia zote mbili vizuri atasimama kwenye mita 20. Lakini hesabu iliyonikosesha usingizi nilipoipiga mara ya kwanza ni nyingine: pale ambapo wa pili ameshasimama na kuweka mguu chini, wa kwanza anapita bado yuko kwenye kilomita 46 kwa saa. Kama hapo kuna ubavu wa gari, mmoja anautazama, mwingine anaingia.

Wala si ugunduzi wangu. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza palepale zilipotokea, Los Angeles na jirani zake. Waliona dereva baada ya dereva akibana ya nyuma mpaka tairi linaburuzika, huku ya mbele akiitumia kidogo mno. Na waliona kwamba kwa kawaida tangu hatari ijitokeze mpaka kugongana dereva ana chini ya sekunde 2 za kufanya chochote. Ripoti hiyo ina umri wa kuwa na wajukuu, nasi bado tunabishana.

Haya, "inakurusha". Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu neno hilo moja limefunika mambo matatu tofauti, na watu wanayachanganya kama nguo za kufua.

La kwanza ni tairi la mbele kufunga na kuteleza. Pikipiki inalala ubavu kufumba na kufumbua, nawe unajikuta chini. Ukimuuliza aliyeanguka hivyo atakuapia kwamba breki imemrusha. Haikumrusha popote. Tairi lilimkimbia. Na lilimkimbia kwa sababu ileile karibu kila mara: aliikaba breki kwa ngumi kabla uzito haujafika mbele. Tazama mpangilio ulivyo. Vidole vinachukua ule ulegevu wa leva, pedi zinagusa diski, shokapu zinaanza kubonyea, tairi linajikandamiza kwenye lami na kupanuka kidogo pale linapogusa. Hapo ndipo lina nguvu ya kupokea breki kubwa. Yote hayo hayachukui hata sekunde moja, lakini yana utaratibu wake. Anayefunga ngumi ghafla anadai malipo kabla kazi haijafanyika. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawaambia: kamua, usikabe. Aliyewahi kukamua ng'ombe anaelewa papo hapo. Mkono unaanza taratibu na kuongeza nguvu. Ukiikaba chuchu ghafla utapigwa teke, na teke hilo huwezi kumlaumu ng'ombe.

La pili ni tairi la nyuma kunyanyuka na mtu kupita juu ya usukani. Kwenye pikipiki lipo, sikatai, hasa fupi na ndefu kwenda juu, tena kwenye mteremko. Lakini ili lifike huko, tairi la mbele lazima liwe limeshika lami vizuri mno bila kuteleza, na uwe umeendelea kubana huku ukiliona la nyuma linapaa. Kuna muda wa kulegeza kidole. Katika miaka yote ya kufundisha nimeliona mara mbili, mara zote kwa watu waliokuwa wakijionyesha.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu ndilo linalorusha kweli, na breki inayolisababisha ni ile mnayoiita salama. Ukikanyaga ya nyuma mpaka tairi lifunge, linaanza kuburuzika na kuyumba, mkia unatoka upande. Unashtuka, unaachia pedeli. Tairi linashika tena lami ghafla huku pikipiki imekaa mshazari, inajinyoosha kwa kishindo, na wewe uliyekuwa umekaa juu yake unatupwa upande wa pili kama mtu aliyekalia ubao wenye springi. Mimi nimerushwa na pikipiki mara moja tu maishani mwangu, na kidole changu hakikuwa hata karibu na leva ya mbele. Vitabu vinasema ikishatoka mkia usiachie, endelea kubana mpaka usimame. Nami nafundisha hivyohivyo. Lakini nitakuwa mnafiki nikisema nina imani kubwa nayo, kwa sababu siku ile niliijua kanuni hiyo kwa moyo na mguu wangu uliachia wenyewe.

Sasa mtaniambia: fundi, mbona jirani yangu aligusa ya mbele siku moja tu akaanguka? Ndiyo hasa! Siku moja tu. Mtu huyu kwa miaka hajaigusa. Waya umeingia kutu, kwa hiyo hauendi taratibu, unakwama kisha unaruka. Pedi zimepata grisi na vumbi. Yeye mwenyewe vidole havijui leva inaanza kushika wapi. Siku gari linapomkatia njia mbele, woga unamfanya afunge kila kitu alichoshika mkononi, ngumi nzima, mara moja. Anaanguka. Akipona anahadithia, na anaowahadithia wanakwenda nyumbani kulegeza nati. Wengine, nawaomba radhi wenye moyo dhaifu, wanaing'oa kabisa. Mzoea punda hapandi farasi, sawa, lakini wewe umeshampanda farasi tayari, ulichokataa ni hatamu.

Wapo na wale wa "nililazimika kuilaza". Ameona hatari, akailaza pikipiki makusudi iteleze. Sitabishana sana hapa: chuma na plastiki vinasuguana na lami kidogo kuliko mpira, kwa hiyo ulipoilaza uliongeza safari yako ya kwenda kugonga. Na wengi wao hawakuilaza, ililala, heshima ikadai hadithi nyingine.

Waendesha baiskeli, najua mmekaa kimya mkitabasamu. Kwenu imani hii ina ukweli ndani yake na lazima nikiri. Kwenye baiskeli mwili wako ndio mzigo wote, umekaa juu, na ekseli hadi ekseli ni kama mita moja tu. Ukipunguza mwendo kwa nguvu iliyozidi kidogo nusu ya mvutano wa dunia, tairi la nyuma linaanza kupaa. Pikipiki nyingi haziwezi kufika huko kirahisi. Baiskeli yenye breki nzuri inafika kwa vidole viwili. Hata hivyo, bado breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Dawa ni mkao: wakati unakamua, nyoosha mikono uibane, sukuma makalio nyuma, teremsha kifua. Wengi wanaoruka usukani hawakuruka na baiskeli. Mikono ililegea, baiskeli ikasimama, wao wakaendelea na safari. Breki ya nyuma mimi huitumia kama kengele. Nazishika zote, na nikisikia la nyuma limeanza kuburuzika najua uzito umeshahama, nalegeza ya mbele kidogo. Na ukiazima baiskeli ya mtu, jaribu leva kabla hujapanda. Uingereza kwa kawaida ya mbele iko mkono wa kulia, Marekani iko kushoto, na ubongo ulioshtuka haujui imetengenezwa kwa ajili ya nchi gani.

Kuna mahali wabishi wangu wana hoja, nami sina raha ya kuzipita. Ukiwa na abiria na mzigo nyuma, zile namba zangu za nusu kwa nusu zinabadilika; uzito mwingi unakaa juu ya tairi la nyuma na breki yake inakuwa na kazi ya maana. Anayebeba mzigo kila siku ana haki ya kuiheshimu ya nyuma kuliko mimi. Kwenye mchanga na kokoto nimebadilisha mawazo mara mbili. Zamani nilisema usiguse ya mbele kabisa. Kisha nikasema gusa kama kawaida ila pole. Siku hizi nasema ya mbele kwa kidole kimoja au viwili ukiwa umenyooka wima, ya nyuma ibebe sehemu kubwa, kwa sababu la nyuma likiteleza kwenye mchanga unaweza kuokoka na la mbele likiteleza umeshaanguka. Mwakani huenda mkanisikia nasema lingine. Kwenye kona sina shaka yoyote: maliza breki zako kabla ya kuinamisha pikipiki.

Vidole viwili au vinne? Breki ya diski viwili vinatosha, ya waya na viatu (vile vinavyobana ngoma ya gurudumu kwa ndani) natumia vinne. Wapo walimu wazuri wanaokataa, na sijaona sababu ya kuwabishia. Glovu ziwe nyembamba kwenye kiganja. Glovu nene kama mto wa kulalia zinakunyima kusikia leva. Mafuta ya breki yanafyonza maji, yabadilishe kila miaka miwili hata kama "bado mazuri". Tairi lisilo na meno halina breki, basi.

Na ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi lisifunge? Ukiipata, chukua. BMW waliiweka kwenye pikipiki yao ya K100 mwaka 1988, na tangu 2016 Ulaya ilianza kuilazimisha kwa pikipiki mpya zenye injini inayozidi cc 125. Kazi yake ni kuifuta hiyo ngumi ya woga: tairi likitaka kufunga, inaachia na kushika tena kwa kasi ambayo mkono wako hauwezi. Lakini nayo haimsaidii mtu asiyeigusa leva. Nimewahi kupewa pikipiki yenye ABS ambayo mwenyewe ameendesha mwaka mzima kwa pedeli ya nyuma tu. Ni kama kununua miwani ukaiweka mfukoni.

Yule kijana sikumwachia aondoke na tairi jipya pekee. Nilitoa waya wa zamani, nikaweka mpya wenye mafuta, nikafungua viatu, nikapiga msasa, nikarekebisha nati mpaka leva ikawa na nafasi ya sentimita mbili hivi kabla ya kuanza kushika. Kisha tukaenda kwenye uwanja mtupu, lami kavu, hakuna mtu. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ya mbele peke yake, usukani umenyooka, macho mbali. Mara ya kwanza aligusa kama anayegusa pasi kuona kama ina moto; alipitiliza mbali. Mara ya tano shokapu zilianza kubonyea. Kwenye ya kumi na kitu hivi pikipiki ilikaa chini mbele, ikasimama kwenye jiwe nililoweka, naye akabaki amekaa juu yake, miguu yote bado iko kwenye pedeli, akishangaa mpaka ikaanza kumlalia upande wa kushoto.

"Fundi," akasema akiweka mguu chini, "haijanirusha."

Nikamwambia aende mpaka 30.