Kwa nini mtaalamu humfundisha bibi wakati mkorofi ni mjukuu?

Je, wajua kwamba ukimpeleka mjukuu msumbufu kwa mwanasaikolojia wa watoto, huenda atakayepewa kazi ya nyumbani ni wewe? Mabibi na mababu wengi huudhika hapo. Wamekuja mtoto anyooshwe, mara wao ndio wanaoulizwa maswali.

Mengi kuhusu jambo hili yalitokana na kazi ya Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza familia zikiwa majumbani mwao. Mwaka 1982 alieleza jinsi mtoto na mlezi wanavyofundishana kulazimishana bila kujua. Chukua mtoto wa miaka 5 anayetaka simu. Bibi anakataa. Mtoto analia, bibi anakataa tena. Mtoto anajitupa chini na kupiga meza mateke, tena mbele ya wageni. "Haya, chukua, ninyamazie!" Kelele zinakoma papo hapo. Mtoto kapata simu, bibi kapata utulivu. Wote wawili wamelipwa. Kesho mtoto hatapoteza muda kulia, ataanza na mateke.

Ndiyo maana saa moja kwa wiki na mtaalamu haitoshi kumbadilisha mtoto, kwani anayekuwa naye siku zote ni mlezi. Si kwamba bibi ndiye mkosaji. Ndiye aliye karibu na usukani.

Kabla ya mafunzo, mtaalamu makini huuliza kwanza: mtoto anasikia vizuri? Analalaje? Amefiwa, au wazazi wametengana? Na shuleni yukoje? Swali hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu dalili za tatizo la umakini na utukutu uliopitiliza lazima zionekane katika mazingira zaidi ya moja. Hata likithibitika, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hupendekeza watoto wa miaka 4 hadi kabla ya kutimiza 6 waanze na mafunzo kwa walezi kabla ya dawa.

Njia mojawapo, iliyoasisiwa na Sheila Eyberg miaka ya 1970, inachekesha kidogo ukiiona: bibi anacheza na mjukuu chumbani akiwa na kifaa sikioni, huku mtaalamu akiwatazama nyuma ya kioo na kumnong'oneza. "Msifu, ameokota kijiti. Huko kununa usikujali." Sifa inataja kitendo chenyewe, na inatolewa hapo hapo.

Nenda na daftari lenye mambo matatu: nini kilitangulia vurugu, mtoto alifanya nini, nini kikafuata. Nenda pia na karatasi za ulezi kama unazo, maana baadhi ya kliniki hazianzi tiba bila idhini ya mlezi wa kisheria.

Ukishaacha kuzitii kelele, zitegemee ziongezeke kwanza: mtoto anajaribu kwa nguvu zaidi kile kilichokuwa kikimfaa. Walezi wengi hukata tamaa hapo, wakadhani tiba imeshindikana. Mpigie mtaalamu siku hiyo hiyo, usingoje miadi.