Tumbo la mbwa mnalisifu, ini lake hamlijui

"Daktari, unga umeota kuvu kidogo. Badala ya kuutupa, si bora tumpikie Simba?"

Si bora. Si bora kidogo, si bora mara moja, si bora hata ukiupika mpaka sufuria ikatoa moshi. Swali hili huja kila baada ya masika, magunia yanapofunguliwa na kutoa ile harufu ya stoo iliyofungwa, na anayeuliza huwa amekwisha kujijibu: mbwa ana tumbo la chuma. Wala si watu wasiojali. Ni nyumba ambazo mbwa ana jina, ana sahani yake, anaijua saa ya basi la shule na huwahi getini kabla ya mama. Wanampenda kweli, halafu wanampikia kile walichokikataa wenyewe.

Tabu ya imani hii ni kwamba nusu yake ni kweli. Mbwa anaweza kula nyama iliyolala siku mbili, ikageuka rangi, na kesho yake akaamka anatikisa mkia, ilhali wewe ungelala na dripu. Asidi ya tumbo lake inaua vijidudu vingi, chakula hakikai sana utumboni, na akiona mambo hayaeleweki anatapika bila aibu. Lakini sumukuvu haina uhai wa kuuawa. Ni kemikali ambayo kuvu imeitengeneza ndani ya punje, shambani au stoo, na kuvu ikishakufa, sumu inabaki. Asidi ya tumbo haiifanyi kitu. Inafyonzwa utumboni, inaingia kwenye damu inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye ini, na huko ini, katika juhudi za kuisafisha, ndilo linaloigeuza kuwa kali zaidi. Aflatoksini B1, sumukuvu kali ya kwenye mahindi, ikishabadilishwa na vimeng'enya vya ini hung'ang'ania vinasaba na protini za seli zilezile zilizoibadilisha. Kati ya wanyama tunaowafuga, mbwa yumo katika wanaodhurika upesi. Basi mkisifu tumbo lake, sawa, lisifuni. Mzigo hauko tumboni.

Kupika hakusaidii. Sumu hii inataka joto la zaidi ya nyuzi 230 ili ivunjike vizuri, na ugali unapikika kwenye takriban 100. Kuanika kunakausha kuvu, sumu iliyokwisha kuwekwa haianikiki. Kuchekecha unga ili kutoa madonge ya kijani kunatoa madonge ya kijani, basi. Na unga mweupe usio na harufu unaweza kuwa na sumu nyingi, maana mashine ya kusaga haibagui punje.

Sasa nifike pale panaponikera hasa: kupembua.

Kupembua ni desturi nzuri. Mtu anakaa na ungo, anatoa punje zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zile zenye vumbi la kijani au njano kwenye kiini. Anafanya jambo sahihi kuliko anavyojua, maana sumukuvu haijaenea sawasawa gunia zima. Imerundikana kwenye punje chache mbovu. Ukizitoa hizo, umetoa sehemu kubwa ya sumu. Haya, umeipeleka wapi? Kwenye debe la mbwa. Gunia la kilo 100 limekupa kilo tatu za makapi, na ndani ya kilo tatu hizo umekusanya sehemu kubwa ya kilichokuwa kibaya katika zile 100. Kisha ukazipeleka mashine zikasagwa, ukampikia mbwa wiki nzima. Ukitaka kumtilia mtu sumu kwa utaratibu, usingepanga vizuri zaidi ya hapo.

Pumba ni jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mashine inapokoboa, ganda na kiini vinatoka, sembe inabaki. Kuvu hustawi hapohapo, kwenye kiini chenye mafuta na chini ya ganda lililopasuka, kwa hiyo sembe inatoka na sumu pungufu na pumba inatoka na iliyozidi. Nyumba inakula sembe, mbwa anapikiwa pumba ya mahindi yaleyale, na mwenye nyumba anashangaa: "Lakini sisi sote tumekula mahindi hayo na hatujaumwa!" Hamkula mahindi hayo. Mmegawana mahindi hayo, na yeye amepewa upande wenye sumu. Tena hata mahindi yangekuwa safi kama theluji ya Kilimanjaro, pumba inamjaza mbwa tumbo bila kumshibisha. Ndiyo maana anakula sufuria nzima, mbavu zinahesabika, na mavi uwanjani ni ya ng'ombe.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi. Mtu mzima wa kilo 60 anayekula ugali kweli kweli anamaliza labda gramu 400 za unga kwa siku, yaani chini kidogo ya gramu 7 kwa kila kilo ya mwili. Mbwa wa kilo 20 anayelishwa ugali karibu mtupu anakula gramu 300, ambayo ni gramu 15 kwa kilo. Zaidi ya mara mbili. Wewe leo umekula ugali, kesho wali, Jumapili ndizi. Yeye anakula sufuria ileile asubuhi na jioni mpaka gunia liishe. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa mahindi ya binadamu ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na kiliwekwa kwa ajili ya mlaji wa aina yako.

Dalili ya kwanza ndiyo familia nyingi huikosa, na huikosa kwa sababu ya upendo. Mbwa ananusa sahani, anaondoka. Siku ya pili analamba pembeni. Nyumbani wanasema anadeka, amezoea nyama, na mtoto anayempenda kuliko wote anaiba mchuzi jikoni na kuumwagia juu ya ugali. Mbwa anakula. Kila mtu anafurahi. Jamani, mbwa aliyekuwa anakula vizuri akikataa chakula kilekile baada ya gunia jipya kufunguliwa, kiondoeni chakula hicho siku hiyohiyo, msikitie mchuzi. Baadaye huja kutapika, kunyong'onyea, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, weupe wa macho na ufizi kuwa njano, kinyesi cheusi kama lami. Hicho cheusi ni damu: protini za kugandisha damu zinatengenezwa na ini, na ini limeacha kazi. Anayekula sumu kidogo kidogo kwa miezi hana kishindo hicho. Anakonda, manyoya yanakufa, tumbo linajaa maji, na watu wanamnunulia dawa ya minyoo mara tatu.

Hapa niseme wazi jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Njano katika mbwa wetu haina chanzo kimoja. Magonjwa ya kupe huleta njano, homa ya panya huleta njano, na mara nyingi mbwa mmoja ana kupe, panya stoo na unga mbovu kwa pamoja. Tunachukua damu, tunaangalia vimeng'enya vya ini, tunaona ini linaumia. Damu haituambii ni nini kimeliumiza. Mara nyingi tunatibu kwa kukisia, na unga wenyewe ulikwisha wiki mbili zilizopita. Dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini hakuna. Tunaondoa chakula, tunaweka dripu, tunachoma vitamini K, tunatoa dawa za kuliunga mkono ini, zikiwemo silimarini, ambayo tunaiandika zaidi ya ushahidi tulio nao wa kwamba inamsaidia mbwa aliyekwisha kugeuka njano. Wengine wanapona. Waliofika wakiwa wanatoka damu wengi hawaponi.

Anayedhani haya ni mambo ya kizungu, mwaka 1977 na 1978 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Magharibi mwa India mwaka 1974, katika vijiji vilivyotegemea mahindi, njano na tumbo kujaa maji viliwapata watu na mbwa wa nyumba zilezile; watu 106 walikufa. Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Dodoma na Manyara mwaka 2016 tulizika pia. Mbwa na mwenye mbwa wana ini la kufanana kuliko wanavyofikiri.

Ile imani nyingine, kwamba nyama mbichi inamfanya mbwa kuwa mkali, naiacha leo. Nitasema tu kwamba mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji yanampa minyoo inayokuja kuwaletea watoto wako uvimbe wa ini, kwa hiyo chemsha, na ukali umtafutie mwalimu.

Sasa ale nini. Mbwa mzima wa kilo 20, asiyefanya kazi nzito, anahitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku. Chukua gramu 80 za dagaa wakavu. Waloweke, wachambue mchanga, waoshe maji mawili au matatu. Dagaa wa pwani waliochemshwa kwa chumvi waloweke muda mrefu zaidi na maji yake uyamwage. Wachemshe bila chumvi, bila kitunguu, kwa sababu kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mchuzi wa kwenye sufuria la familia hauna siku isiyo na kitunguu. Tia gramu 150 za unga safi, ule mnaokula nyinyi, songa ugali laini. Ukishaepua tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti na konzi ya mchicha uliochemshwa. Mara mbili kwa wiki ongeza gramu 30 za ini. Gawa milo miwili. Baada ya wiki tatu mpapase mbavu: uzihisi kwa vidole bila kuziona kwa macho. Punguza au ongeza unga kufuatana na hapo.

Dagaa nimewachagua kwa sababu ya mifupa yao. Nyama tupu haina kalsiamu ya maana, na mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu na wali anapinda miguu, mwenye nyumba analaumu mbegu. Kwa mtoto wa mbwa usijaribu kupiga hesabu hizi mwenyewe. Mnunulie chakula cha watoto wa mbwa mpaka amalize kukua. Kwa mzima, kitabu kitakwambia sufuria hii haijakamilika, ina upungufu wa zinki na vitamini E, na kitabu kinasema kweli. Ninaiandika hata hivyo, kwa sababu mbadala wake katika nyumba nyingi ni pumba na ukoko.

Kama mahindi yenu mwaka huu yana mashaka, hamieni kwenye chenga za mchele, ambazo kwa kawaida zina sumukuvu kidogo kuliko mahindi, au viazi vitamu na ndizi za kupika ambavyo havikai stoo. Makopa ya muhogo hapana. Nayo yanaota kuvu. Na kabla ya kuhifadhi mahindi yapime kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu hadi theluthi, mahindi theluthi nyingine, funga, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, na kuvu inasubiri tu uondoke. Rudisha mahindi kwenye turubai.

Chakula cha dukani? Kizuri, kikiwa kwenye mfuko wake. Marekani, mwishoni mwa 2005, na tena kati ya 2020 na 2021, zaidi ya mbwa 100 kila mara walikufa kwa chakula cha viwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu, huku kiwango chao kinachoruhusiwa kikiwa mikrogramu 20 kwa kilo. Waligundua na kurudisha mifuko kwa sababu mfuko una namba ya toleo. Wewe ukipimiwa kilo mbili kwenye rambo kutoka gunia lililofunguliwa mlangoni mwa duka, karibu na beseni la maji, umenunua chakula kisicho na jina wala tarehe. Nunua mfuko mdogo uliofungwa. Nyumbani uingize mfuko mzima ndani ya ndoo yenye mfuniko, usimwage kipya juu ya vumbi la zamani, usiuweke sakafuni kwenye saruji.

Na ukija kliniki na mbwa aliyeacha kula, njoo na unga wake. Changanya konzi kutoka juu, katikati na chini ya gunia mpaka ifike kilo moja, weka kwenye mfuko wa karatasi, andika tarehe mliyolifungua, tuupeleke maabara. Unga uliobaki usiwape kuku, wala ng'ombe, kwa sababu sumu anayoila ng'ombe inatoka kwenye maziwa na asubuhi inarudi mezani ndani ya chai ya watoto.