Maana ya kujihoji, na kwa nini kiu ya kukubalika inakuharibu

Wakristo wengi hulisikia neno hili kabla ya Meza ya Bwana, katika maneno ya Paulo: "Lakini mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe" (1 Wakorintho 11:28). Wakatoliki husema kuchunguza dhamiri, na Inyasi wa Loyola, katika karne ya 16, aliwataka wafuasi wake walifanye jambo hilo kila siku, wasingoje siku ya kitubio.

Kuhoji ni kazi ya wakili kwa shahidi. Ukijihoji, wakili ni wewe na shahidi ni wewe, na hawa wawili wakipatana kudanganya hakuna wa kuwaumbua. Ugumu wote uko hapo. Kujilaumu ni kitu kingine, maana anayejilaumu ameshatoa hukumu kabla hajasikia ushahidi. Hapa Kigoma, mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi wa dagaa hazina nguvu ziwani, basi hukaa nchi kavu washone nyavu. Sijamwona anayeulaumu wavu. Anapitisha vidole jicho kwa jicho, akitafuta palipochanika.

Sasa hiyo kiu. Tazama maneno mawili: kukubaliwa na kukubalika. Ukisema "nimekubaliwa", msikilizaji atauliza: na nani? Ukisema "nakubalika", mara nyingi haulizi. Anayetafuta kukubalika hana mtu mmoja wa kumridhisha, kwa hiyo hafiki. Mchungaji, kwaya, wakwe, majirani, kila mmoja anataka sura yake.

Na kiu hiyo huingia hata kwenye toba, jambo ambalo hatulisemi sana. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki uliwafundisha watu kuungama mbele ya wenzao. Walikuita kutembea nuruni. Ni mafundisho mazuri. Lakini nimekaa kwenye vikundi vya maombi vya kutosha kujua kwamba tunachagua dhambi zinazosimulika. "Miaka kumi iliyopita nilikuwa mlevi" huleta Amina na vigelegele. "Juzi nilimpunja mteja kipimo cha mawese" huleta kimya, na wiki ijayo watu watapima wenyewe. Mimi niliwahi kusimama nikashuhudia jinsi Mungu alivyoniondolea hasira. Nilipokaa nikagundua kwamba nilikuwa nimezifanyia mazoezi sehemu za kuchekesha.

Swali la kujihoji, basi, haliishii kwenye "nimefanya nini?" Linaendelea: nilitaka nani anione? Yesu aliligusa aliposema juu ya wanaosali wakiwa wamesimama pembeni mwa njia ili waonekane (Mathayo 6:5). Sala yenyewe haikuwa na kosa.

Wapo wanaolielewa vibaya, wakadhani kuikataa kiu hii ni kutojali watu: mkorofi wa kanisa anayesema "mimi namwogopa Mungu tu" akiwa amemtukana mzee wa watu. Paulo aliyewaandikia Wagalatia kwamba kama angekuwa bado anawapendeza wanadamu asingekuwa mtumwa wa Kristo, ndiye huyo huyo aliyewaambia Wakorintho kwamba anawapendeza watu wote katika mambo yote (1 Wakorintho 10:33). Hajipingi. Hapo hapo anaongeza kwamba hatafuti faida yake, bali yao. Tabasamu la muuza duka na la nesi yaweza kufanana kabisa. Tofauti ni nani anafaidika.

Mtu atauliza: bila kukubalika nitasimama wapi? Katika Warumi 15:7 Kiswahili chetu kimetupendelea. Hakikusema Kristo alitukubali; kimesema alitukaribisha. Na Kigoma unajua: mgeni akipiga hodi, anaambiwa karibu kabla hajaulizwa ametoka wapi. Maswali yanakuja baadaye, akiwa ameshaketi.