Dekre na reforme ya imigrasyo si kitu kimoja

Kila mara prezida wa Marekani akisaini karatasi juu ya wageni, hapa Goma ni moja tu: "bameshabadilisha imigrasyo". Ku taksi-moto, ku soko ya Virunga, ku siberi zenye batu bajazishaka loteri ya viza. Hapana, bandugu.

Reforme ya imigrasyo ni kubadilisha sheria yenyewe, ile yenye inasema nani anaingia, kwa mulango gani, na viza ngapi kwa mwaka. Ku Marekani hiyo kazi iko ya Kongresi, ni kusema bunge yao, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Basi, hapo maana imeisha.

Dekre, ni kusema amri yenye prezida anasaini peke yake, ao note ya minista, iko ya serikali yenye iko pale, na ingine ikikuja inaweza kuipindua. 2012 serikali ya Obama iliruhusu vijana walioletwa kule wakiwa watoto bila karatasi bafanye kazi, 2017 ya Trump ikatangaza inafunga, 2020 Korti Kuu ikakatala juu ya namna walivyoifunga, na mpaka leo wale vijana banaomba upya kila miaka mbili. Wakimbizi vilevile: sheria ya 1980 inaachia prezida apange hesabu kila mwaka, ndiyo maana Januari 2025 saini moja ilisimamisha programu na Wakongomani wenye walikuwa banangoja Uganda na Tanzania dosie zikalala. Sheria yenyewe haikuguswa hata koma.

Na ile sheria imezeeka kweli. Viza za kudumu za kazi ni 140,000 kwa mwaka, hesabu ya 1990, na ndani yake bibi na watoto wa mfanyakazi banahesabiwa pia. Kwa kawaida hakuna inchi inapita asilimia 7 ya hizo viza, India na Burundi kipimo ni kimoja, sasa injenieri Muhindi anangoja mpaka mvi.

Lakini yenye inanichoma zaidi ni kifungu kimoja kidogo cha tangu 1929. Kinasema hivi: kama uliingia kabla ya tarehe fulani, ukakaa, na mwenendo wako uko muzuri, unaweza kuomba makaazi hata kama karatasi haukuwa nayo. Kongresi ilikuwa inasogezaka ile tarehe. Mara ya mwisho ilikuwa 1986, bakaweka 1 Januari 1972, na tangu hapo hakuna mutu aligusa. Yule aliingia 1973 akiwa kijana, leo ni mzee wa wajukuu, eti amechelewa! Kuisogeza ni mstari moja tu wa sheria, ila prezida hata asaini usiku kucha, hawezi kuusogeza yeye peke yake.

Halafu kuna wale banasema reforme maana yake ni kufungua barrière kila mutu apite. Si hivyo: muswada wa reforme wa 2013 ulipita Seneti kura 68 kwa 32, na ndani mulikuwa njia ya uraia ya miaka 13 na hapohapo karibu askari 20,000 wa mpaka wa kuongeza. Baraza la Wawakilishi halikuupigia hata kura.

Kwa hiyo ukisikia "amesaini", uliza kwanza kama ilipita ku Seneti na ku Baraza. Kama haikupita, sema tu "dekre", hakuna mutu atakucheka, na siku komisyoneri, yule mutu wa kati wa karatasi, atakuambia reforme imetoka, lete dola tufufue dosie yako, utajua ya kumujibu.