Sindano isiyo na dawa: tiba ya misuli iliyokaza

"Mnanichoma dawa gani?" Karibu kila mgonjwa hutuuliza hivyo. Hakuna dawa, na ndiyo sababu tiba hii huitwa sindano kavu. Sindano yenyewe haina tundu ndani, na unene wake ni kama milimita 0.3 tu. Ile ya kuchoma dawa kwenye msuli hufika milimita 0.8.

Fundi cherehani anayeinamia kazi kutwa nzima hukaza mabega bila kujijua. Siku zikipita, sehemu ya msuli kati ya shingo na bega hujikunja ikawa fundo dogo gumu, unaloweza kulipapasa kwa kidole. Ukilibonyeza, maumivu hayatulii hapo. Hupanda shingoni mpaka kwenye panja. Nimewaona wengi waliomeza dawa za kichwa kwa miezi, kumbe chanzo kiko begani.

Aliyetufundisha kufuata njia za maumivu haya ni Dk. Janet Travell wa Marekani, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy. Yeye alichoma mafundo hayo kwa dawa ya ganzi. Mwaka 1979, Karel Lewit, daktari wa Prague, alichapisha taarifa za wagonjwa 241 waliochomwa sindano tupu, na wengi wao walipata nafuu papo hapo. Tangu hapo ikawa vigumu kusema kwamba kinachotuliza ni dawa peke yake.

Sindano ikilipata fundo, msuli huruka mara moja na kutulia. Mgonjwa hushtuka, kisha husikia uzito kama wa misuli iliyofanya kazi ngumu. Uchovu huo huisha kwa siku moja au mbili, pengine na alama ndogo ya damu kuvilia. Wengine huiita tiba hii akupancha. Sindano hufanana, lakini akupancha imetoka katika tiba ya jadi ya Wachina na ramani zake za sehemu za kuchoma mwilini. Sisi tunautafuta msuli wenyewe kwa vidole.

Nafuu hii, kwa ushahidi uliopo, ni ya muda mfupi zaidi kuliko watu wanavyotarajia. Sindano hulegeza, mazoezi ndiyo huimarisha. Fundi wetu akirudi kwenye kiti kilekile, akainama vilevile, fundo nalo litarudi. Kwa hiyo mgonjwa asipofundishwa kunyoosha shingo na kuimarisha mabega, mimi huona kazi imeachwa nusu.

Kinachonitia hofu zaidi ni mikono isiyosomea. Chini ya misuli ya bega na mgongo wa juu kuna mapafu, na sindano iliyozama kupita kiasi inaweza kulitoboa pafu. Ni nadra, lakini hutokea. Muulize anayekuchoma alisomea wapi, na uone sindano mpya ikitolewa kwenye pakiti yake mbele yako. Mweleze kama una ujauzito, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, au una kidonda au maambukizi mahali panapouma. Na baada ya kuchomwa eneo la kifua, bega au mgongo wa juu, ukipata kichomi au pumzi ikakupaa, hata kama ni saa kadhaa baadaye, nenda hospitali mara moja na useme kwamba ulichomwa sindano.